Tasnifu Ianze na Swali, Iishie kwa Wenyewe



Wapendwa wasomaji, kila mwaka mafrateri wa falsafa wanaokaribia kumaliza masomo hutakiwa kuandika tasnifu. Majira hayo yakifika, mazungumzo ya bwenini hubadilika. Husikika maswali kama: "Kurasa ngapi?" "Msimamizi wako nani?" "Wa mwaka jana waliandika nini?" Swali lisilosikika sana ni hili: "Wewe mwenyewe unataka kujua nini?" Sisi tunaona kuwa ugumu wote wa tasnifu unaanzia hapo. Haitokani sana na uhaba wa vitabu, wala na lugha, wala na kompyuta kuzidiwa na foleni. Unatokana na kuanza safari kabla ya kujua tunakwenda wapi.

Katika makala hii tunataka kutetea mambo mawili. La kwanza, tasnifu ianze na swali moja la kweli, linaloweza kujibiwa kwa vyanzo tunavyoweza kuvifikia. La pili, ikikamilika isiishie kabatini, bali irudi kwa watu waliotoa maarifa yaliyomo. Tunasema haya tukiwaza hasa upande wetu wa Ndanda, Masasi na Newala, ambako watafiti wamepita kwa zaidi ya miaka 100, na bado mengi yanangoja kuulizwa.

Mwalimu wetu wa kwanza: Mtakatifu Luka

Frateri anayedhani utafiti ni desturi ya vyuo vikuu tu, asome aya nne za mwanzo za Injili ya Luka. Mwinjili anaeleza kwamba wengine wameandika kabla yake, na anawatambua. Anataja chanzo, yaani watu walioshuhudia mambo hayo tangu mwanzo. Anasema yeye mwenyewe amechunguza kila jambo kwa uangalifu, na kwamba ataandika kwa mpangilio. Mwisho anamtaja anayemwandikia, Teofilo, na sababu ya kumwandikia: apate kuwa na hakika ya yale aliyofundishwa.

Tukizitazama vizuri aya hizo, tunaona sehemu zote tunazosumbuka nazo katika mapendekezo ya utafiti: maandishi yaliyotangulia, vyanzo, njia, mpangilio, lengo na msomaji. Luka amezimaliza kwa sentensi chache, kwa sababu alijua anachokitafuta.

Kutoka mada kwenda swali

Mada na swali ni vitu viwili tofauti. "Utamadunisho katika Kanisa la Afrika" ni mada. Vilevile "Kanisa na changamoto za utandawazi". Mada hizi hazina ubaya, ila ni kama pori lisilo na njia: mtu anaweza kutembea humo kurasa 30 akatoka bila kuonyesha alichokipata. Ndiyo maana tasnifu nyingi za namna hiyo hujaa maelezo ya maneno, kisha historia fupi, kisha faida na hasara, kisha mapendekezo kwa Baraza la Maaskofu.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Masasi. Askofu Vincent Lucas wa Kanisa Anglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, anajulikana kwa jaribio la kuwa na jando la Kikristo. Hakufuta jando. Alitaka vijana waendelee kwenda jandoni, lakini sala na mafundisho ya Kikristo yachukue nafasi ya matambiko ya zamani. Mwanahistoria Terence Ranger alilichambua jaribio hilo katika maandishi yake ya mwaka 1972. Kwa upande wetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 65, uliruhusu katika nchi za misioni baadhi ya mambo ya jando na unyago yapokelewe, kadiri yanavyoweza kupatanishwa na ibada ya Kikristo.

Sasa frateri wa falsafa anaweza kuuliza nini hapo? Akiuliza "Utamadunisho una umuhimu gani?" amerudi porini. Lakini akiuliza, "Jando likibadilishwa maana yake, je, linabaki kuwa jando lile lile?" amepata swali la falsafa kwelikweli. Hapo Aristotle anahitajika pamoja na mafundisho yake juu ya umbo na maada. Hapo wazee wa Masasi wanahitajika pia, maana wao ndio wanaojua ni kitu gani kikiondolewa jando huwa si jando tena. Na hapo Hati ya Liturujia inahitajika, kwa sababu neno "kupatanishwa" linataka kuelezwa lina mipaka gani.

Tunapendekeza swali lipimwe kwa mambo matatu kabla ya kupelekwa kwa msimamizi. Kwanza, je, linaweza kujibiwa "hapana"? Kama jibu linajulikana hata kabla ya kuanza, hilo si swali, ni hotuba. Pili, je, vyanzo vyake vipo ndani ya uwezo wetu, yaani maktaba tuliyo nayo, nauli tuliyo nayo na lugha tunazozijua? Tatu, je, yupo mtu nje ya darasa ambaye jibu litamsaidia kitu? Swali la jando linapita yote matatu. Wazazi wa Newala na Masasi wanalijadili kila likizo inapofika.

Sababu moja haitoshi

Kosa la kawaida katika kujibu ni kukimbilia sababu ya kwanza inayoonekana. Wazee wa kusini wanakumbuka jinsi korosho zilivyoanguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani zipatazo 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kwa nini? Mmoja atakuambia ni vijiji vya ujamaa, maana watu walihamishwa wakaiacha mikorosho mbali. Mwingine atasema ni bei, kwamba mkulima alilipwa kidogo akaona hakuna faida ya kupalilia. Wa tatu atasema ni ubwiriunga, ule ugonjwa unaokausha maua, ambao baadaye wakulima walianza kuukabili kwa salfa.

Wote watatu wana ukweli mkononi. Mtafiti mzuri hachagui anayempenda na kuwaacha wengine. Anauliza: kama ni bei tu, mbona hata aliyehudumia shamba lake alikosa mavuno? Kama ni ugonjwa tu, mbona kuna mashamba yaliyotelekezwa kabla ugonjwa haujasambaa? Anaweka kila sababu mahali pake. Falsafa inatufundisha kutofautisha sababu na sababu, na hapa ndipo somo hilo linapopaswa kufanya kazi, badala ya kubaki kwenye madaftari ya mtihani.

Vitabu, nyaraka na wazee

Swali likishapatikana, tutafute vyanzo. Kwetu tuna vya aina tatu: vitabu, nyaraka na watu.

Vitabu tusivisome kama misale, kwamba kila kilichoandikwa humo ni cha kuitikia "Amina". John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alisema kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati una pande mbili, uliopita na uliopo, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alitegemea sana vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga akitumia lugha ya Waakan. Sasa frateri Mmakonde, Mmwera, Mmakua au Myao anayemnukuu Mbiti kwamba "Waafrika hawana wakati ujao" bila kuuliza lugha ya mama yake inasemaje, amekaa juu ya chanzo akilalamika hana vyanzo. Na yule mzee wa Newala anayepanda mkorosho leo akijua utazaa baada ya miaka kadhaa, naye ana la kusema. Mkorosho mmoja haumalizi mjadala, lakini unaanzisha swali zuri.

Nyaraka nazo zipo. Wamisionari Wabenediktini walikuja Ndanda mwaka 1906, baada ya misioni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Walikuwa na desturi ya kuandika kumbukumbu za misioni. Parokia zina madaftari ya ubatizo na ya ndoa. Hata majina ya ubatizo ya mwaka mmoja, yakilinganishwa na majina ya asili yaliyoandikwa kando yake, yanaweza kujibu swali juu ya namna mababu zetu walivyouelewa ukristo. Ila nyaraka huombwa kwa barua na kwa heshima, na habari za watu binafsi zilizomo hazitangazwi.

Kwa habari ya wazee, tujifunze kwa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye aliwaendea wazee wenye hekima nchini Kenya, akawarekodi, akawataja kwa majina yao. Jambo lake kubwa ni kwamba hakuridhika na jibu la "ndivyo mila inavyosema". Aliuliza tena: "Na wewe mzee, unaonaje? Kwa nini?" Hivyo alitenganisha mtu anayerudia maneno ya jamii na mtu anayeyapima kwa akili yake. Sisi pia tusiandike "Wamakonde wanaamini kwamba" kana kwamba Wamakonde wote walikaa kikao wakakubaliana. Tuandike nani alisema, wapi, lini, na kwa ruhusa yake. Kama hataki jina lake litajwe, tuheshimu.

Tena tujue majira. Anayetaka kuzungumza na wazee wa Uwanda wa Makonde kuanzia Oktoba hadi Desemba atawakuta wanaokota korosho. Mvua zikianza, watu wako kwenye kilimo. Likizo ya katikati ya mwaka ni nafuu zaidi, nayo hukutana na majira ya jando. Mpango wa utafiti usiojua kalenda ya shamba utakwama, hata kama umeandikwa vizuri namna gani.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtafiti msemo huu ni sheria. Kila tunachosoma tukiandike kwenye kadi au daftari maalumu: mwandishi, kitabu, mwaka, ukurasa. Kila kadi iwe na wazo moja. Na tuweke alama tatu zisizochanganyika: maneno ya mwandishi mwenyewe yawe ndani ya alama za kunukuu, muhtasari wetu wa maneno yake uwe na alama yake, na maoni yetu yawe na alama nyingine. Wizi wa maandishi mara nyingi huanzia hapo. Mtu huandika bila alama, na baada ya wiki sita hajui tena sentensi nzuri iliyo kwenye daftari ni ya nani. Kisha anaiweka kwenye tasnifu kama yake.

Mpango alioutumia Tomaso

Wengi huuliza sura za tasnifu zipangweje. Sisi tunao mpango wa zamani kuliko miongozo yote ya vyuo, nao uko katika Summa ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Kila makala yake huanza na swali la ndiyo au hapana. Kisha yanafuata mapingamizi, yaani hoja zenye nguvu za wale wasiokubaliana naye. Baadaye panakuja neno la upande wa pili, halafu jibu lake mwenyewe, na mwisho majibu kwa kila pingamizi, moja baada ya jingine. Hata alipouliza kama Mungu yupo, alianza na hoja mbili za wanaokana. Moja ni kwamba uovu upo. Nyingine ni kwamba mambo ya ulimwengu yanaweza kuelezwa bila kumtaja Mungu. Hakuzidhoofisha ili azishinde kwa urahisi.

Tasnifu yetu inaweza kusimama juu ya mifupa hiyo hiyo. Sura ya kwanza ieleze swali, limetoka wapi na kwa nini ni gumu. Ya pili itoe hoja za upande tusioukubali, kwa namna ambayo mwenye hoja akisoma ataitikia kwa kichwa. Ya tatu itoe jibu letu na sababu zake. Ya nne ijibu yale mapingamizi, na ikiri lipi limebaki bila jibu kamili. Kuacha jambo wazi pale ushahidi unapoishia ni uaminifu.

Kwa muda wa wiki 12, tunapendekeza hivi. Wiki mbili za kwanza ni za swali peke yake. Ya tatu hadi ya tano ni za kusoma, kuhoji na kujaza kadi. Ya sita ni ya mpango: ukurasa mmoja tu, wenye sentensi moja kwa kila sura. Ya saba hadi ya tisa ni za rasimu, na rasimu iandikwe bila kusimama kwa kila neno. Wiki ya kumi rasimu ipumzike mikononi mwa msimamizi na rafiki mmoja mkali. Ya kumi na moja ni ya kusahihisha. Ya mwisho ni ya tanbihi, marejeo na kuchapa. Utangulizi uandikwe mwishoni, maana huwezi kumtambulisha mgeni ambaye hujaonana naye.

Mkato wa siku hizi

Hatuwezi kunyamaza juu ya programu za akili unde, ambazo huandika kurasa kumi kabla kengele ya masifu haijalia. Zinaweza kusaidia kutafuta neno au kurekebisha tahajia. Lakini zinaweza pia kutunga kitabu ambacho hakipo, na kukipa mwandishi na mwaka. Kuweka kitabu hicho kwenye marejeo ni kusema uongo, na kutia sahihi kazi ambayo hatukuifanya ni kuchukua kisicho chetu. Amri ya saba na ya nane hazina sehemu inayosema "isipokuwa kwenye tasnifu".

Kanuni yetu iwe rahisi: hakiingii kwenye marejeo kitabu ambacho hatukukifungua, wala hakiingii kwenye tasnifu wazo ambalo hatuwezi kulitetea kwa mdomo mbele ya msimamizi bila karatasi.

"Sisi tunataka mapadre, si maprofesa"

Hili ni pingamizi tunalolisikia hata kwa waamini wema, na kwa mfano wa Tomaso hatuna budi kulipa nguvu zake. Wanasema: mwamini wa kigangoni anahitaji padre wa kumwungamisha na kumzikia wafu wake. Tanbihi zitamsaidia nini? Fedha za kusomesha mafrateri zinatoka kwenye sadaka za watu waliouza korosho. Ni haki yao kuuliza.

Jibu letu ni hili. Katika mikoa yetu ya kusini, watu wamewahi kuuawa na simba kwa wingi. Makala ya watafiti, wakiwamo Watanzania, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2005 ilionyesha kuwa tangu mwaka 1990 zaidi ya watu 560 waliuawa na simba nchini, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa ile iliyoumia zaidi. Vijijini wengi walisema hao si simba wa kawaida, ni simba wa kutengenezwa, na mara watu wakaanza kunyoosheana vidole kwa uchawi. Watafiti waliuliza swali jingine: simba wanawakuta watu wapi, na wakati gani? Waliona kuwa mashambulizi huongezeka majira ya mavuno, wakati watu wanalala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na nguruwe hao huwavuta simba.

Fikiri juu ya padre aliyeko katika kijiji kama hicho. Bibi mmoja mwenye macho mekundu ametajwa jina, na vijana wanakusanyika. Padre aliyezoea kutenganisha "nimesikia" na "nimehakikisha", aliyezoea kuuliza kama kuna sababu nyingine, anaweza kuokoa uhai. Padre aliyepita masomo kwa kunakili hana cha kuwaambia ila kurudia kilichosemwa. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II, katika Fides et Ratio ya mwaka 1998, alisisitiza kwamba falsafa ni ya lazima katika malezi ya mapadre. Tasnifu ni zoezi la unyoofu wa akili, na unyoofu huo ndio waamini watakaoukuta kwenye mahubiri, kwenye mabaraza ya usuluhishi na kitubioni.

Irudi kwa wenyewe

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi na Newala. Alirekodi nyimbo kwa santuri za nta, akakusanya vitu na habari za jando na unyago. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1909. Watu walioimba, ambao nchi yao ilikuwa imetoka tu vitani, hawakuwa na namna ya kukisoma. Sauti zao zilivuka bahari.

Sisi hatuna udhuru huo. Tunawajua wazee tunaowahoji, tunasali nao kanisa moja, tunazungumza lugha moja. Kwa hiyo tunapendekeza tasnifu yoyote iliyotokana na maarifa ya watu wa parokia iwe na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili rahisi, na nakala moja ipelekwe parokiani. Frateri akiwa likizo aombe nafasi kwa paroko, awasomee wanajumuiya alichokipata, na awaache wamsahihishe. Mzee akisema, "Hapo mwanangu hukunielewa", aandike. Sahihisho hilo nalo ni utafiti.

Nanyi wazazi na waamini, frateri akija na daftari lake kuwauliza habari za zamani, mpokeeni. Lakini kabla hajaanza mwulizeni maswali mawili: "Unatafuta jibu la swali gani?" na "Utatuletea lini ulichokipata?" Akiwa na majibu ya yote mawili, mpeni kigoda akae.